Je, wajua kwa nini kazi ya mkono wako huiona nzuri kuliko wengine wanavyoiona?

Wengi hudhani kichwani mna kijisehemu maalumu cha urembo, kinachowaka mtu akiona kitu kizuri. Dhana hiyo haikuzuka hivihivi. Mwaka 2004 Hideaki Kawabata na Semir Zeki, huko London, waliwaonyesha watu michoro huku wakiwapima mtiririko wa damu ubongoni. Michoro iliyosifiwa iliamsha zaidi gamba la ubongo lililo juu ya matundu ya macho.

Tatizo ni kwamba gamba hilohilo huamshwa na chakula kitamu, pesa na harufu. Ni mizani: haijui umeweka sukari au misumari, yenyewe husoma uzito tu. Wala uzito hautoki machoni peke yake. Mwaka 2005 watafiti wa Oxford waliwanusisha watu harufu moja. Ilipoandikwa “jibini”, waliipenda zaidi. Ilipoandikwa “harufu ya mwili”, wakaikunjia pua, na mizani ikafuata maandishi. Kwa hiyo anayetaka kujua watu watapenda nini kwa kuwapima tu ubongo, bila kuwauliza, anasoma namba asiyojua ni ya nini.

Kama neno moja lina uzito, jasho la mtu je? Michael Norton, Daniel Mochon na Dan Ariely, katika utafiti uliochapishwa 2012, waliwapa watu wasio na ujuzi karatasi wakunje vyura na korongo. Waliokunja walikuwa tayari kununua kazi yao kwa takriban senti 23 za dola. Wengine, kwa makunyanzi yaleyale, walitoa senti 5. Kazi za mafundi halisi zilipewa 27, yaani wanagenzi walijiona karibu sawa na mafundi! Hapa kilichopimwa ni mfuko, si ubongo. Kuihusisha mizani ya kichwani ni makisio.

Jasho hilo ndilo linalotupeleka kwenye usanifu shirikishi, yaani kuwashirikisha watakaotumia kitu katika kukibuni. Wenyewe haukuanzia kwenye urembo. Miaka ya 1970, vyama vya wafanyakazi vya Skandinavia vilidai sauti juu ya kompyuta zilizokuwa zikiingizwa kazini. Lakini utafiti uleule wa Norton na wenzake una jambo linalowahusu wasanifu: mtu asipomaliza kazi, au ikibomolewa baada ya kukamilika, thamani ile ya ziada hutoweka. Chura wa karatasi si jengo, ni kweli. Hata hivyo, msanifu anayekusanya maoni ya wakazi kisha akajenga mchoro wake wa awali asitarajie wampendelee.