Wajibu wa uangalifu: kiongozi wa mbizi anadaiwa nini na mgeni wake

Wajibu wa uangalifu ni deni la kisheria linalomtaka mtu achukue tahadhari ya kutosha ili asimdhuru mwingine aliyejiweka mikononi mwake. Katika uzamiaji wa mitungi, deni hilo humbana hasa kiongozi anayewashusha chini ya maji watu wasio na uzoefu.

Kipimo chake si nia njema. Mahakama huuliza: kiongozi makini, mwenye ujuzi wa kazi hiyo, angefanya nini siku ile, na watu wale, katika maji yale? Akipungukiwa na kipimo hicho, huo ni uzembe. Ikithibitika kwamba uzembe huohuo ndio ulioleta madhara, dhima ya kulipa fidia humwangukia. Wala ugeni kazini si kinga. Katika kesi ya Nettleship dhidi ya Weston ya mwaka 1971, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilimpima dereva mwanafunzi kwa kipimo cha dereva aliyehitimu. Kwa mantiki hiyo, kiongozi aliyeanza kazi juzi hana pa kujificha.

Kwa mgeni mambo ni kinyume: kadiri asivyojua, ndivyo mzigo wa kiongozi unavyoongezeka. Sababu iko kwenye maji yenyewe. Hewa iliyovutwa kwenye kina cha mita 10 hutanuka mara mbili ifikapo juu. Mzoefu anajua kwamba pumzi haibanwi hata mara moja. Mgeni akiingiwa na hofu, hubana pumzi na kukimbilia juu, na kwa mapafu yaliyojaa, kupanda mita moja na kitu kunaweza kutosha kuyapasua. Ndiyo maana anayeanza huwekwa pale mkono unapofika. Kiongozi anayetangulia kutafuta kasa huku akigeuka nyuma mara mojamoja, kwangu mimi, ni mtembeza watalii tu.

Halafu kuna kadi, yaani cheti cha kufuzu uzamiaji. Viwango vya kimataifa vya ISO 24801 humpa mzamiaji wa kusimamiwa kina cha hadi mita 12, na anayejitegemea mita 20. Lakini kadi husema mtu alifuzu nini zamani. Haisemi yukoje leo. Aliyekaa miaka bila kuzama bado ana kadi halali. Basi aulizwe alizama lini mara ya mwisho, na ajaribiwe kwanza kwenye maji mafupi.

Wengi hudhani fomu ya kuachilia madai, ambayo mgeni husaini kwamba hatadai fidia, inamaliza yote. Haimalizi. Uingereza, Sheria ya Haki za Walaji ya 2015 hairuhusu mfanyabiashara kukwepa, kwa maandishi, dhima ya kifo au jeraha lililotokana na uzembe wake. Katika majimbo mengi ya Marekani fomu hiyo huwa na nguvu dhidi ya uzembe wa kawaida, lakini kwa kawaida haifuniki uzembe uliokithiri. Fomu ya afya nayo inaweza kumgeuka kiongozi: mgeni akijibu “ndiyo” kwenye swali la pumu au moyo, kisha akashushwa bila kibali cha daktari, karatasi ile inakuwa ushahidi dhidi ya aliyemshusha.

Mgeni naye ana sehemu yake. Akificha ugonjwa au akipuuza ishara aliyoelezwa, mahakama nyingi huweza kumpunguzia fidia kwa kiasi alichochangia madhara yake mwenyewe.