Uwanja wa gereji, kisima cha jirani: yasemwayo na yalivyo

Kila inaposikika kwamba eneo kuukuu la kazi nzito litajengwa upya, iwe nyumba za kupangisha, maduka au skuli, maneno ya barazani kuhusu mafuta na sumu iliyobaki ardhini huwa yale yale. Tena mtu akisikia "eneo la viwanda" hufikiria bomba la moshi, na visiwani kwetu mara nyingi ni vitu vidogo kuliko hivyo: gereji, ghala, kituo cha mafuta kilichofungwa, uwanja wa majenereta. Pemba ilipata umeme wake kwa majenereta ya dizeli ya Wesha mpaka waya wa baharini kutoka Tanga ulipofika mwaka 2010. Unguja nayo, umeme ulipokatika kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, waliojiweza walinunua jenereta na kuweka pipa la dizeli uani. Sisemi kote huko ni kuchafu. Nasema huko ndiko kwa kupima kabla ya kuchimba msingi.

"Miaka imepita, mvua imeshaosha."

Mvua haiuondoi uchafu, huusukuma chini. Dizeli ikimwagika penye kinamo hukwama na kujikokota. Penye kichanga hupenya, na kule maweni, kwenye mawe ya matumbawe yenye nyufa na mapango, hushuka upesi zaidi kuelekea maji tunayoyachota. Ikishafika huko haiombi barua ya sheha ili ivuke mpaka wa shehia.

Petroli na dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea juu ya maji ya chini ya ardhi. Karibu na pwani maji hayo hupanda na kushuka kwa kufuata bahari, na mafuta hupanda na kushuka nayo, yakiupaka udongo juu na chini. Ndiyo maana kisima kinaweza kunuka wiki hii na kisinuke wiki ijayo, na aliyekuja kupima siku moja tu, maji yamejaa bamvua, akaondoka akisema hapana neno. Ndani ya petroli mna kemikali ya benzini, ambayo huyeyuka katika maji na inajulikana kusababisha saratani ya damu.

Wengine hujibu: tutachemsha. Kuchemsha huua vijidudu. Madini ya risasi, kama yale ya betri kuukuu, hayaendi popote, na kadiri maji yanavyopungua sufuriani ndivyo yaliyobaki yanavyozidi kuwa makali.

"Hakuna harufu, hakuna sumu."

Risasi haina harufu wala ladha. Shirika la Afya Duniani linasema hakijulikani kiwango cha risasi kilicho salama kwa mtoto. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi ubavuni mwa kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

"Mwaga kifusi juu, jenga."

Hapa ndipo funika kombe mwanaharamu apite inapofanya kazi yake. Lakini nikiri kwamba wanaosema hivi hawakukosea moja kwa moja. Kufunika ni njia halali, na wataalamu huitumia. Gas Works Park ya Seattle, Marekani, ilikuwa kiwanda cha gesi kilichofungwa 1956. Ilifunguliwa kuwa bustani ya umma 1975, na sehemu ya uchafu ingali chini ya udongo safi hadi leo. Tofauti ni kwamba kule wanajua kilichofunikwa ni nini na kiko wapi, na maji ya chini yanaendelea kupimwa. Kifusi cha lori tatu kisichojulikana kimetoka wapi hakizuii kitu, na huenda chenyewe kimetoka kwenye ghala lililobomolewa.

Kupima kwenyewe si kuchota mchanga wa juu mahali pamoja. Mpimaji anayejua kazi hutoboa palipokuwa shimo la gereji, chini ya mdomo wa tangi, kisha mahali pasipoguswa ili apate cha kulinganisha, na kila tundu hulichukulia udongo wa vina tofauti. Maji ya kupimwa benzini hutiwa katika chupa ndogo za kioo hadi juu kabisa, bila hata povu, zikazibwa na kuwekwa kwenye barafu. Ikibaki hewa ndani, benzini hupanda humo na maabara husoma kidogo kuliko ilivyo. Ukimwona mtu anakuja na mfuko wa plastiki, muulize.

"Ung'oe udongo ukautupe kwengine."

Hapo umemhamishia mwenzio. Udongo wenye dizeli unaweza kutibiwa hapo hapo: hurundikwa juu ya plastiki nene, hulowanishwa kidogo, hutiwa mbolea na kugeuzwa ili upate hewa, na bakteria waliomo wakala mafuta. Kwa joto letu kazi hiyo hwenda vizuri, ingawa ni ya miezi. Risasi hawaili. Hiyo huzuiwa isisambae, ama hupelekwa panapostahili. Mafuta ya transfoma za zamani yanaweza kuwa na PCB, kemikali za sumu zisizooza upesi, nayo ni habari nyengine kabisa: Mkataba wa Stockholm, wa kimataifa juu ya kemikali za namna hiyo, unataka yaondolewe kwa njia salama ifikapo 2028, wala si ya kumgawia fundi apake boriti kuzuia mchwa kama tufanyavyo kwa oili chafu.

"Bati la asbesto ukiligusa tu umekwisha."

Asbesto ni nyuzi za madini zilizotiwa katika mabati ya zamani, na hatari ni vumbi lake likivutwa pumzi. Bati zima lililotulia juu ya paa si sawa na lililovunjwa kwa nyundo. Hulowanishwa, huteremshwa zima zima, hufungwa.

"Ardhi ni ya serikali, basi na uchafu ni wake."

Kweli, Zanzibar ardhi ni ya serikali na sisi tuna haki ya kuitumia. Lakini Sheria Namba 3 ya 2015 ya usimamizi wa mazingira, iliyoanzisha ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya mazingira kabla ya kuanza, na tathmini hiyo ni jukumu la mwenye mradi. Kwa maoni yangu karatasi hiyo ingetazamwa kwanza na wanaochota maji kwenye visima vya jirani, kabla hata ya ramani ya jengo.

"Majani yameota, pamepona."

Majani huota penye risasi vile vile. Mchicha huweza kuivuta kwa mizizi, na vumbi lake hukaa kwenye majani. Anayetaka kulima uani kabla ya vipimo apande katika masanduku ya udongo ulioletwa, na watoto wanawe mikono kabla ya kula.