Mtego wa mshindi: kwa nini kampuni kubwa hupitwa na teknolojia mpya

Mwaka 1975 Steve Sasson, mhandisi kijana wa Kodak, kampuni ya Marekani iliyotamba kwa filamu za kamera, alitengeneza kamera isiyotumia filamu. Ilikuwa na uzito wa takriban kilo 3.6, picha zake zilikuwa nyeusi na nyeupe, na kuhifadhi picha moja kwenye kanda ya kaseti kulichukua sekunde 23. Kwa hiyo ukisikia Kodak haikuiona dijitali ikija, usikubali. Ilizaliwa nyumbani kwao.

Mtego wa mshindi, kama ninavyouita hapa, ni hali ya kampuni inayotamba sokoni kuachwa nyuma kwa sababu ya kile kile kinachoipa faida. Kodak ilivuna kwenye filamu: mteja ananunua mkanda, anapiga picha, anaupeleka kusafishwa, analipia karatasi na dawa za kusafishia, kisha ananunua mkanda mwingine. Kamera ya dijitali ukishaiuza, basi. Meneja yeyote anayejua hesabu angeona kwamba kuipigia debe ni kukata tawi alilolikalia.

Clayton Christensen, profesa wa Harvard, aliyakuta hayo hayo kwa watengenezaji wa diski za kompyuta. Kila diski ya umbo dogo zaidi ilipotoka, nafasi yake ya kuhifadhi data ilikuwa finyu na wateja wakubwa hawakuitaka. Kampuni kongwe ziliwasikiliza wateja wao, jambo ambalo kila mwalimu wa biashara hulisifu. Kampuni changa zikaiuza kwa watengenezaji wa kompyuta ndogo, uwezo wake ukapanda mwaka hadi mwaka, mpaka wale wateja wakubwa nao wakahamia huko. Wakongwe waliposhtuka, wengi wao walikuwa wameshachelewa.

Tuwe wa haki lakini: Kodak ilikuja kuuza kamera nyingi za dijitali. Faida yake ilikuwa kiduchu ukilinganisha na filamu, na muda si mrefu simu zikazimeza kamera zenyewe. Januari 2012 ikakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake.

Mpinzani wake Fujifilm, naye aliyeishi kwa filamu, alinusurika. Filamu ina jelatini, itokanayo na kolajeni, protini iliyo pia kwenye ngozi ya binadamu. Wakemia wake walikuwa wameishughulikia kwa miongo kadhaa, na katika miaka ya 2000 kampuni ikaanza kuuza vipodozi.