Kupanda ngamia na kulala jangwani: maswali ya afya

Ngamia si anaangusha watu?
Anaweza, na hatari kubwa ni pale anapoinuka au kulala. Akiinuka anatanguliza miguu ya nyuma, we unarushwa mbele, akishuka anapiga magoti ya mbele kwanza, unarushwa mbele tena. Kwa hiyo mara zote mbili egemea nyuma, shika tandiko kwa mikono miwili, na hiyo simu ya kujirekodi weka mfukoni kwanza jamani. Pale juu ni kama mita 2 toka chini, ukidondoka vibaya unavunjika. Mtu akianguka akasema shingo au mgongo unauma, au miguu ina ganzi, msimnyanyue nyanyue, aachwe alivyo mpaka msaada ufike.

Mapaja yanachubuka, nifanyeje?
Suruali ndefu, laini, isiyobana, na upake mafuta ya mgando kabla ya kupanda. Sio baada.

Mbona sitoki jasho na jua lote hili?
Unatoka, ila hewa ni kavu linakauka hapo hapo hulioni, ndo maana watu wanaishiwa maji bila kujua. Usisubiri kiu, kunywa kidogo kidogo njia nzima na uangalie mkojo, ukiwa wa njano iliyokolea ongeza maji. Ila maji matupu lita kwa lita bila kula kitu nayo sio sawa, chumvi ya mwili inashuka, beba ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji). Huna? Lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko viwe flati. Kichwa kikiuma, kichefuchefu na kizunguzungu vikianza, shuka ukae kivulini. Mtu akianza kuongea ovyo au kuzimia hiyo ni dharura, joto la mwili linaweza kuwa limepita 40°C, mmwagieni maji, mpepeeni, na safari ya hospitali ianze.

Maziwa ya ngamia mabichi, ninywe?
Chemsha kwanza. Mabichi yanaweza kukupa bruselosisi, homa za kuja na kuondoka, jasho usiku na viungo kuuma, tena tiba yake ni ya wiki kadhaa. Kuna na MERS, kirusi cha jamii ya korona kilichogundulika 2012, ngamia wanakibeba. Mwenye kisukari, figo mbovu, ugonjwa sugu wa mapafu au kinga dhaifu bora asiwasogelee kabisa, wengine nawa mikono ukishawashika na usiwabusu puani kwa ajili ya picha.

Usiku kuna baridi kweli?
Sana, mchanga na hewa kavu havitunzi joto. Watu wanajifunika juu wanasahau chini, wakati ardhi ndo inakunyonya joto, tandika kitu kinene. Nguo yenye jasho badilisha kabla ya kulala.

Na nge?
Kung'uta viatu na blanketi kabla ya kuvitumia, ukitoka usiku vaa viatu na washa tochi. Akikuuma usichanje wala kunyonya, osha, weka kitu cha baridi, meza paracetamol. Mtoto akiumwa msisubiri dalili, mpelekeni hospitali usiku huo huo.