Mzigo maradufu wa utapiamlo: mama mnene, mtoto aliyedumaa

Utapiamlo si kukonda tu. Mwili uliokosa chakula una utapiamlo, na uliozidishiwa wanga, mafuta na sukari huku ukikosa virutubisho vingine unao pia. Hali hizo zikikutana katika nchi moja, au hata chini ya paa moja, wataalamu wa lishe huuita mzigo maradufu wa utapiamlo.

Iringa ni mfano unaouma. Ni mkoa unaovuna mahindi ya kutosha na kulisha wengine, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wake walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Na mama wa mtoto huyo aliyedumaa anaweza kuwa na uzito uliozidi.

Inawezekanaje? Tazama kinacholiwa. Ugali wa sembe, maandazi na chai ya sukari vinashibisha kwa bei nafuu, na vinanenepesha. Mayai, maziwa na parachichi huuzwa ili ada ipatikane. Mama anaamkia shambani, mtoto anabaki na uji mtupu. Halafu msichana aliyedumaa utotoni hukua akiwa mfupi. Mwenye kilo 60 na urefu wa mita 1.65 ana uwiano wa uzito na urefu (BMI, yaani kilo kugawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) wa 22, yuko sawa. Kilo hizohizo kwa mwenye mita 1.50 zinatoa 26.7, na kuanzia 25 ni uzito uliozidi.

Tanzania bado wanawake wenye kipato, hasa wa mijini, ndio wanene zaidi. Marekani na Uingereza ni kinyume, unene umewaelemea maskini, na nchi nyingi zinazokua kiuchumi zinaelekea huko.

Kuna jambo ambalo kwa maoni yangu kliniki hulisahau mno. Mwanamke akinenepa, pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, ataambiwa amenawiri, maisha yamemkubali. Akipungua, minong'ono ya ukimwi inaanza, maana Njombe, Iringa na Mbeya ni kati ya mikoa yenye maambukizi mengi ya VVU nchini. Kumwambia tu "punguza kula" ni kumtwisha lawama na kumwacha na hofu hiyo peke yake. Mume anayeshika pesa ya mahindi naye aitwe, aelezwe mayai yale yanahitajika nyumbani kwa nini.