Kinachozoea dawa si mwili

Unguja na Pemba wengi huamini kwamba anayemeza antibayotiki mara kwa mara mwili wake huizoea dawa, na asiyezitumia hana la kuhofia. Imani hii inaeleweka, maana tunayemwona hapati nafuu ni mgonjwa mwenyewe.

Lakini wanaobadilika ni bakteria. Dawa huua walio dhaifu. Wachache wanaoihimili hubaki, wakazaliana na kuenea kwa mikono, maji, chakula na mifugo. Kwa hiyo hata mtoto ambaye hajawahi kunywa amoksilini anaweza kuambukizwa bakteria sugu. Tena bakteria hao huvuka bahari pamoja na wasafiri, na kisiwa hakiwezi kujikinga peke yake. Ndiyo maana mwaka 2024 mataifa yalikubaliana kupunguza vifo vinavyohusishwa na usugu huu kwa asilimia 10 ifikapo 2030, yakilinganisha na 2019.

Unaweza kuhakiki mwenyewe. Fungua ile karatasi iliyokunjwakunjwa ndani ya boksi la antibayotiki, usome inatibu nini. Mafua hutayakuta, kwa kuwa huletwa na virusi, si bakteria. Na ukipewa kapsuli za rangi mbili ndani ya bahasha isiyo na maandishi, muulize muuza dawa jina la dawa hiyo kabla hujalipa.