Mnaposema "asili", mna maana ya mwaka gani?

Wiki iliyopita nimeambiwa tena, safari hii na mtu mzima aliyesoma: "Nyumba ya watawa mkiipigia muziki mmeiua. Irudisheni kwenye asili yake." Maneno hayo nimeyasikia mikutanoni, nimeyasikia hata kuhusu Ngome Kongwe hapa Unguja. Nimechoka kuyajibu kwa mdomo.

Asili ipi? Tazameni Fontevraud, nyumba ya watawa kule Ufaransa. Robert d'Arbrissel aliianzisha 1101, watawa wa kiume na wa kike, na juu ya wote akaweka mwanamke. Mfalme Henry II wa Uingereza na mwanawe Richard walizikwa humo. Mapinduzi ya Ufaransa yakawatoa watawa, na mwaka 1804 Napoleon akaamuru pawe gereza. Gereza likadumu hadi 1963. Kituo cha utamaduni kikaanza 1975. Yaani wafungwa wameishi pale karibu miaka 150, na hakuna anayewataja akisema "asili".

Sasa tazameni Cluny, nyumba nyingine ya watawa, nchi hiyohiyo. Kanisa lake lilikuwa kubwa kuliko yote ya Kikristo mpaka lilipojengwa hili la sasa la Mtakatifu Petro kule Roma. Baada ya Mapinduzi likauzwa, likabomolewa, mawe yakachukuliwa kama ya machimbo. Leo kimebaki kipande. Gereza, pamoja na ukatili wake wote, lilihitaji paa lisilovuja, na paa hilo ndilo lililoiokoa Fontevraud. Aliyewahi kuona nyumba ya Mji Mkongwe ikifungwa na kuachwa hahitaji kuelezwa: mfereji unaziba, maji yanaingia ukutani, vichwa vya boriti vinaoza, na masika moja dari iko chini. Jengo linauliwa na kukosa watu.

Lakini kuna jambo linaloninyima raha, na wenzangu hawapendi kulisema hadharani. Magereza waliugawa ukumbi mrefu wa kanisa la Fontevraud kwa sakafu za ghorofa, wakalaza watu humo. Warejeshaji wakazing'oa. Ukumbi sasa ni mweupe, mtupu, mwanga unashuka mpaka chini, unapendeza mno. Mimi pia ningezing'oa, na bado roho hainitulii. Waliolala juu ya mbao zile nao walikuwa watu wa jengo hilo. Mkataba wa Venice wa 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unataka mchango wa kila kipindi uheshimiwe, na unaruhusu tabaka liondolewe pale tu thamani yake ni ndogo. Nani apime thamani ya mahali alipolala mfungwa? Tumewapa nafasi watawa wa karne ya 12 tukawafuta maskini wa karne ya 19, kisha tukaita kazi hiyo kurejesha.

Swali la haki kuhusu muziki ni muziki gani. Kanisa la mawe lenye kuba lilijengwa kwa ajili ya watu wanaoimba pamoja, polepole. Sauti inaning'inia sekunde kadhaa kabla ya kufa. Udi mmoja utakaa vizuri humo. Leta msondo na spika, pigo la pili litafika la kwanza bado liko hewani, na msikilizaji hataambulia kitu. Mapigo hayo yapelekeni uani.

Mengine ni ya kawaida. Jukwaa lisimame kwa uzito wake, liondoke bila kuacha tundu. Nyaya zipite kwenye viungo vya chokaa, jiwe lisiguswe. Saruji hapana kabisa: inafungia unyevu na chumvi ndani mpaka jiwe linamomonyoka.

Na Ngome Kongwe? Palikuwa na kanisa la Wareno, Waarabu wa Oman wakajenga ngome, ikawa gereza, ikawekwa vifaa vya ujenzi wa reli ya Bububu, ikawa klabu ya wanawake, na sasa watu wanakaa humo usiku kusikiliza tamasha la muziki la Sauti za Busara. Anayetaka asili aniambie tuanze kubomoa wapi.